Hela za TASAF na jembe la jirani: kisa cha vijiji 80

Orodha ya walengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya maskini ruzuku ya serikali, ikishabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, maneno yanayofuata ni yaleyale kila mahali. Kundi moja litasema majina ya ndugu wa viongozi yamejaa. Kundi la pili litasema hela za bure zinafuga wavivu. Lalamiko la kwanza limewahi kufanyiwa kazi: uhakiki wa miaka ya 2015 na 2016 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya ambazo hazikustahili au hazikuwepo kabisa, zile zilizoitwa kaya hewa. Lalamiko la pili huzungumzwa kijiweni, hurudiwa bungeni, kisha huachwa hapohapo kana kwamba halipimiki.

Linapimika, sambamba na swali la kama hela hizo zinapunguza umaskini. Na Tanzania tunacho kisa chetu cha kulipimia, tena kilichofanyika kwa uangalifu kuliko sera zetu nyingi: majaribio ya kuhawilisha fedha kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyoanza kulipa Januari 2010.

Kabla ya kuingia huko, tukubali kwamba shaka yetu juu ya hela za bure haikuanza jana. Hii ni nchi iliyopata uhuru kwa kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi". Azimio la Arusha la 1967 lilihimiza juhudi, jembe na kujitegemea, na likaonya dhidi ya kutegemea fedha. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wasio na shughuli inayotambulika wakawa wanakamatwa mijini na kurudishwa vijijini wakalime. Mwaka 2015 tukarudi na "Hapa Kazi Tu". Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini serikali imgawie fedha mwenye mikono miwili hana roho mbaya. Anauliza swali alilolelewa nalo. TASAF yenyewe, ilipoanzishwa mwaka 2000 wakati wa Rais Mkapa, haikuanza kwa kumpa mtu noti mkononi. Ilijenga madarasa, zahanati na visima. Wazo la kumkabidhi maskini fedha akajipangie mwenyewe lilikuja baadaye, na lilikuja kwa woga, ndiyo maana likaanza kama majaribio.

Vijiji vilichaguliwa 80, vyote vikiwa vimewahi kusimamia miradi ya TASAF ya awamu ya pili, maana yake vilikuwa na kamati zinazojua kutunza fedha na kutoa hesabu. Kisha ikapigwa bahati nasibu: 40 vianze kupokea, 40 visubiri. Hapo ndipo thamani ya kisa hiki ilipo. Ukilinganisha maskini anayepokea ruzuku na jirani yake asiyepokea, hujalinganisha kitu, kwa sababu aliyepewa alipewa kwa kuwa alikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini bahati nasibu ikiamua kijiji kipi kianze, kaya maskini za pande zote mbili zinakuwa na hali moja siku ya kwanza, na tofauti itakayoonekana baadaye ina sababu moja tu. Kaya zilihojiwa mwaka 2009 kabla ya malipo, zikahojiwa tena 2011 na 2012.

Walengwa walikuwa kina nani? Hapa mjadala wa uvivu unaanza kupwaya. Walipangiwa malipo watoto yatima na wanaoishi katika mazingira magumu hadi umri wa miaka 15, na wazee wa miaka 60 na kuendelea. Mtoto alihesabiwa dola 3 kwa mwezi, mzee dola 6, na fedha zilitoka kila baada ya miezi miwili, kuanzia dola 12 hadi 36 kwa kaya. Masharti yalikuwepo: walio chini ya miaka mitano wapelekwe kliniki, wa umri wa shule wahudhurie darasani angalau asilimia 80 ya siku, mzee akapimwe afya angalau mara moja kwa mwaka.

Tuiweke kwenye kaya moja ya mfano. Bibi wa Chamwino, amevuka miaka sitini, analea wajukuu watatu yatima. Kwa mwezi ni dola 15. Wakati ule dola ilikuwa kama shilingi 1,400, kwa hiyo ni shilingi 21,000 za mwezi, au 42,000 kwa malipo ya miezi miwili. Zigawe kwa vichwa vinne na siku thelathini, kila mmoja anapata shilingi 175 kwa siku. Haifiki nauli ya daladala ya njia fupi Dar es Salaam ya mwaka huohuo. Anayeamini kwamba bibi huyu atatupa jembe kwa ajili ya shilingi 175 kwa siku hajawahi kuishi kwa fedha hiyo, wala hajapiga hesabu.

Sasa bibi akishika hizo 42,000 siku ya malipo, zinaenda wapi? Majibu ya utafiti yanavutia kwa sababu si yale ambayo kijiwe kingebashiri. Kaya za vijiji vilivyopokea zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, ile kadi ya CHF ambayo halmashauri nyingi ziliitoza kama shilingi 10,000 kwa kaya nzima kwa mwaka. Kumi elfu kwa mkupuo mmoja ni mlima kwa asiye na kitu, ila kwa mwenye malipo yanayojulikana tarehe yake inawezekana. Watoto wakaonekana zaidi wakiwa na viatu, jambo dogo kwa msomaji wa mjini, lakini aliyekulia kijijini anajua minyoo inaingilia wapi. Watoto walimaliza darasa la saba kwa wingi zaidi, hasa wasichana. Na kaya zikaongeza mifugo: kuku wa kienyeji, mbuzi.

Kuna tokeo moja nalipenda kuliko mengine yote. Mwanzoni ziara za kliniki ziliongezeka, kama masharti yalivyotaka. Lakini mwishoni mwa majaribio watu wa vijiji vya ruzuku walikuwa wanakwenda zahanati mara chache zaidi kuliko wenzao, huku siku zao za kuugua zikiwa zimepungua, hasa kwa watoto wadogo. Mtu anayesoma takwimu za mahudhurio peke yake angesema mpango umefeli, watu wameacha kliniki. Kumbe waliacha kwa sababu hawaumwi. Tuliweke akilini, maana kwenye suala la kazi kuna mtego wa namna hiyohiyo.

Si kila kitu kilisogea. Akiba kwa wastani haikuongezeka. Ni kaya zilizokuwa na hali duni zaidi ndizo zilizoanza kujiwekea kidogo, tena nje ya benki. Ukitarajia mtu atoke kwenye ufukara kwa dola 15 za mwezi utasubiri sana. Ila maswali yetu yalikuwa mawili, kupunguza umaskini na kuvunja moyo wa kazi, na la pili ndilo linalogombaniwa.

Kazi inahama

Ili kuelewa kazi ya maskini wa kijijini, lazima uelewe kalenda ya Chamwino. Ugogo, yaani eneo la Dodoma ilipo Chamwino, una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ghala la mtama na uwele limeshakauka kwa kaya fukara, na ndio wakati huohuo shamba linataka palizi. Mwenye chakula ndani anapalilia lake. Asiye na chakula anaamka alfajiri kwenda kulima vibarua kwa mwenye nacho, apate fedha ya unga wa jioni au apewe unga wenyewe. Shamba lake linasubiri. Akirudi kulishika, magugu yameshakula mtama, na mavuno yatakuwa haba, na Januari ijayo atakwenda tena kwa vibarua. Mtu huyu hana uvivu hata chembe. Anafanya kazi kuliko tajiri wake. Tatizo ni kwamba jembe lake liko kwenye shamba la mwingine katika wiki ambazo lake lilimhitaji.

Mpe huyu mtu malipo ya Januari. Kuna siku kadhaa hatakwenda kibaruani, atabaki kwake. Mwenye shamba la mtama au la zabibu aliyemzoea atamtafuta na kumkosa, na atasema nini? Atasema hela za TASAF zimeharibu watu, siku hizi hupati vibarua. Na kwa upande wake anasema kweli: amekosa mtu, au amelazimika kupandisha ujira. Lakini alichokiona ni kazi kuhama kutoka shamba lake kwenda shamba la mlengwa. Hii ndiyo hoja yangu kuu juu ya kisa chote: tukisikia ruzuku imeleta uvivu, tuulize kwanza anayelalamika alikuwa anaajiri nani, kwa shilingi ngapi.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa kuhama huku umetoka kwa watoto, na umetoka kwenye mpango mkubwa uliozaliwa na majaribio haya. Agosti 2012 Rais Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na ndani ya miaka michache ukafikia kaya kama milioni 1.1. Watafiti waliochunguza shughuli za watoto katika kaya za mpango waligundua kwamba watoto walipunguza kazi za vibarua vya kulipwa nje ya kaya, wakaongeza kuchunga mifugo ya nyumbani. Mifugo yenyewe ilikuwa imeongezeka kwa sababu ya ruzuku. Mahudhurio ya shule nayo yakapanda. Mzazi msomaji anaweza kuguna kwamba kuchunga bado ni kazi ya mtoto, na ana haki ya kuguna; mbuzi nao wana siku zao za kumtoa mtoto darasani. Lakini kama kipimo cha uvivu, tokeo hili haliungi mkono kijiwe. Kaya haikulala. Ilibadilisha bwana.

Nje ya Tanzania picha haipingani. Uchambuzi wa Banerjee, Hanna, Kreindler na Olken, uliochapishwa 2017, uliunganisha majaribio saba ya bahati nasibu kutoka Honduras, Indonesia, Moroko, Meksiko, Nikaragua na Ufilipino, na haukukuta dalili ya kueleweka kwamba wanaopokea fedha za serikali hupunguza kazi, wanaume kwa wanawake. Na lile neno la kwamba zitaishia kilabuni? Mmoja wa watafiti wa majaribio yetu, David Evans, alishirikiana na mwenzake kukusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu pombe na sigara. Matumizi hayo kwa ujumla hayakupanda. Mara nyingine yalishuka.

Wasiwasi huu umetoka wapi, basi?

Sehemu yake imetoka Marekani, na kule haukuwa wa kubuni. Mpango wao wa zamani wa kusaidia familia zenye watoto, AFDC, hadi 1967 ulikuwa ukimkata mama dola moja ya msaada kwa kila dola aliyopata kazini. Afanye kazi asifanye, mfuko ulibaki na kitu kilekile. Ukimkuta hafanyi kazi, umemkuta anajua hesabu. Sheria ikalegezwa mwaka huo ili abaki na sehemu ya mshahara, ikakazwa tena 1981 wakati wa Reagan. Katikati ya malumbano hayo, mwaka 1975, Marekani ikaanzisha nafuu ya kodi inayomwongezea kipato mtu mwenye mshahara mdogo kadiri anavyofanya kazi zaidi, mpaka kiwango fulani, na akina mama wengi wanaolea peke yao wakaingia kazini. Nchi moja, watu walewale, masharti tofauti, tabia tofauti.

Ruzuku ya TASAF haina mkato wa namna hiyo. Hakuna mtu anayekuja mwisho wa mwezi kumuuliza mlengwa amepata vibarua vingapi ili apunguziwe. Ukipata shilingi elfu tano ya ziada kwa kuuza kuku, inabaki yako yote. Kwa hiyo kumchukua mama wa Chicago wa 1965 na kumvalisha mama wa Chamwino ni kusafirisha hofu bila kusafirisha sababu yake.

Lakini hapa nisiwapambe TASAF kupita kiasi. Mlengwa anapatikanaje? Kwanza kijiji kinakaa mkutano, kinataja kaya zake maskini. Halafu majina yanapita kwenye dodoso linalokadiria umaskini kwa vitu vinavyoonekana: nyumba imejengwa kwa nini, imeezekwa kwa nini, kuna vitu gani ndani. Maana yake mtu anayetaka kuezeka bati ana sababu ya kujiuliza mara mbili. Nyasi zinavuja, lakini nyasi ni ushahidi. Akiweka bati tatu kwa hela za ruzuku, je, uhakiki ujao utamkuta tajiri? Kilichookoa hali hadi sasa ni kwamba kupitia upya orodha kumekuwa kwa nadra. Watu waliingizwa miaka ya 2013 hadi 2015 na wengi wakakaa miaka bila kupimwa tena. Kitu kinacholaumiwa kama uzembe wa serikali kimefanya kazi nzuri bila kukusudiwa. Kama siku moja tutaanza kuhakiki kila mwaka kwa kuangalia paa, ndipo tutakapotengeneza kwa mikono yetu ule uvivu tunaouogopa.

Ajira za muda na ujumla wa umaskini

Wasiwasi wa uvivu umejengewa dawa yake ndani ya mpango wenyewe. Kaya yenye mtu mwenye nguvu hupewa nafasi ya ajira za muda: katika awamu ya kwanza ya mpango zilikuwa siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne ya njaa, zikilipwa shilingi 2,300 kwa siku. Kwa mwaka zilikuwa siku 60, sawa na shilingi 138,000. Walengwa wamechimba malambo, wamefungua barabara za vijiji, wamepanda miti. Awamu iliyozinduliwa na Rais Magufuli Februari 2020 iliipa kazi hizi uzito zaidi, na inaeleweka kisiasa: mlipakodi anataka kuona jasho.

Mimi sina ugomvi na lambo. Nina ugomvi na kalenda. Miezi ya njaa katika maeneo kama Chamwino inagongana na palizi, na ukimwita mtu kwenye mradi wiki ileile ambayo ruzuku ya kawaida ingemwezesha kubaki shambani kwake, umemtoa kwenye vibarua vya jirani ukampeleka kwenye vibarua vya serikali. Jembe bado halijafika nyumbani. Halmashauri inayopanga kazi baada ya mavuno au kabla ya mvua inafanya jambo la maana kuliko ile inayofuata ratiba iliyoandikwa makao makuu.

Turudi kwenye swali la kwanza, la kupunguza umaskini. Kwa kaya zilizomo jibu ni ndiyo: tathmini za mpango zimeonyesha matumizi ya kaya yamepanda, mifugo imeongezeka, na umaskini miongoni mwa walengwa umeshuka ukilinganisha na kaya zilizosubiri. Kwa taifa hesabu ni ya unyenyekevu. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, ukawa 26.4 mwaka 2017/18, kipindi ambacho mpango ulisambaa nchi nzima. Umaskini wa chakula ulitoka asilimia 9.7 hadi 8.0. Hizo si namba za kupigia vigelegele. Sababu iko kwenye kiwango: kaya ya awamu ya kwanza ilianza na ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na hata ikiwa na watoto wa kila rika, wote wanaotimiza masharti, haikuvuka 38,000. Mwaka 2011/12 mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 36,482 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Mmoja. Kaya nzima yenye watoto wengi ilikuwa inapata, ikijitahidi sana, takriban kile alichohesabiwa mtu mmoja ili asiitwe maskini.

Hapo hoja ya uvivu na hoja ya umaskini zinakutana na kukataana. Huwezi kusema hela hizi ni ndogo mno kumtoa mtu kwenye umaskini, kisha dakika ileile ukasema ni nyingi mno zinamfanya aache kazi. Zote mbili nimezisikia zikitoka kinywani mwa mtu mmoja, tena kwa sauti ya uhakika.

Kuna tokeo la pembeni ambalo wanasiasa wangelipenda kama wangelijua. Takwimu za majaribio hayohayo zilionyesha kwamba imani ya wananchi kwa viongozi wao wa kuchaguliwa iliongezeka katika vijiji vya ruzuku, zaidi pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa ikifanyika mara kwa mara. Fedha iliyojadiliwa hadharani, kwa majina yaliyosomwa mbele ya watu, ikafika kama ilivyoahidiwa.

Linalobaki kwenye meza sasa ni kuhitimu. Mpango unataka kaya zilizoimarika zitoke ili nyingine ziingie, na ni haki. Lakini kuimarika kwa Ugogo kunapimwa kwa mbuzi, na mbuzi wanauzwa mwaka wa ukame. Kaya iliyohitimu ikiwa na mbuzi watano, mvua ikagoma, mtoto akaugua, itakuwa haina mbuzi kabla ya Machi, na jina lake halipo tena ukutani. Kama kurudi kwenye orodha kunachukua miaka, kila mlengwa mwenye akili atajitahidi asionekane ameimarika. Kama kunachukua miezi miwili, kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji unaomjua, ataezeka bati lake bila kuangalia nyuma.